Kidole Alichokifunga Bi Mwanaasha

Siku hospitali ilipopiga simu kusema kwamba uboho wa Lulu umelingana na wa kaka yake, nyumba ya Madale iliingia wazimu wa furaha. Sadallah, ambaye hata salamu huijibu kwa kichwa, alimpakia binti yake mabegani akazunguka naye uani akiimba wimbo asiojua maneno yake. Nusaiba, mkewe, alikaa sakafuni palepale alipopokelea simu, akalia, akacheka, akalia tena. Majirani wakajaa, vigelegele vikapigwa. Mtu mmoja tu hakupiga kigelegele, naye ndiye mwenye koo la vigelegele kuliko wanawake wote wa ukoo ule. Huyo alikuwa Bi Mwanaasha, mama yake Sadallah, aliyekuwa amekuja kutoka Mtoni kuwasaidia kulea. Alijifanya anageuza wali jikoni. Wali wenyewe uliungua chini, juu ukabaki mchele, na wageni wakaula hivyohivyo bila kuuliza.

Kaka mtu, Farhan, alikuwa na miaka minane na mwili wa mtoto wa miaka mitano. Mambo yake yalianza kwa damu za puani. Wakalaumu joto, joto lilipopungua wakalaumu maembe. Kisha zikaja alama za kuvilia damu mapajani na mgongoni, mpaka mwalimu wake akamwita Sadallah shuleni na kumuuliza kwa ukali ni nani anayempiga mtoto hivi. Hakuna aliyempiga. Aliongezewa damu akachangamka, ikaisha akanyong'onyea, akaongezewa tena. Mwishowe Daktari Atuganile, mama wa Kinyakyusa asiyejua kuharakisha maneno, akawakalisha wote akawaeleza. Uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa, ndiko damu inakotengenezwa, na wa Farhan unakauka. Ugonjwa unaitwa Fanconi. Hauambukizi na wala si wa kurogwa. Mtoto amezaliwa nao, nusu ameichukua kwa baba na nusu kwa mama, na wazazi hawakujua kitu kwa sababu mwenye nusu moja haumwi.

"Hakuna aliyekosea hapa," daktari alisema, akamwangalia kila mmoja usoni.

Bi Mwanaasha aliinamisha kichwa. Nusaiba hakuwa mkwe tu kwake, alikuwa mtoto wa kaka yake wa tumbo moja, Khalfani. Ndoa ile Bi Mwanaasha aliipika mwenyewe, akaipakua mwenyewe. Binti hakutaka kwanza, alikuwa na mtu wake chuoni, lakini shangazi mtu alikaa naye siku nzima akimsifia Sadallah kama muuza kitanda anavyosifia kitanda chake, na mwisho binti akacheka na kukubali. Waliooana wakapendana kweli, hilo hakuna wa kulikataa. Ndiyo maana maneno ya daktari yalimchoma zaidi.

Lakini si hilo lililomfanya aunguze wali.

Farhan alipozaliwa, kando ya gumba lake kulikuwa na kijidole cha ziada, kimening'inia kwa kinyama chembamba. Kule Mtoni hilo si jambo la kumfanya mtu akimbilie hospitali. Bi Mwanaasha ndiye mwogeshaji wa vichanga wa mtaa mzima, na mtoto akija na kidole cha ziada, kazi ni yake. Anakifunga uzi mweusi kwenye shina, anaukaza kila anapomwogesha mtoto, kidole kinanyauka, kinadondoka, anakifukia chini ya ukuta kwa nje. Baada ya hapo hakitajwi tena, mtoto asije akakua anajiona ana kasoro. Watu wanampenda kwa mikono yake, na wanampenda zaidi kwa mdomo wake usiotoa siri. Wapo vijana wa Mtoni wenye ndevu leo ambao hawajui kwamba walikuja duniani na vidole kumi na kimoja.

Cha Farhan walikijua wote nyumbani, hata daktari alishaonyeshwa kovu lake. Cha Lulu alikijua yeye peke yake.

Lulu alizaliwa wakati mama yake yuko hoi kwa kifafa cha mimba. Nusaiba alikuwa chumba cha mahututi, Sadallah amekaa nje ya mlango haambiliki, na kichanga kikakabidhiwa kwa bibi yake, akaenda nacho kwake Mtoni. Bi Mwanaasha alipokifungua ili akiogeshe, akakiona kidole cha ziada kwenye gumba la kulia, kidogo kama punje ya kunde. Mtoto wa pili, palepale, vilevile! Upande wa mama yake Nusaiba walikuwa wameshaanza kunong'ona, kwamba hayo ndiyo ya kuozesha ndugu kwa ndugu. Akakifunga bila kumwambia mtu. Nusaiba aliporudi nyumbani, amekonda, hana nguvu hata ya kushika kikombe, palikuwa pamebaki kidonda tu.

"Hapa kuna nini, shangazi?"

"Mbu, mwanangu. Hujui mbu wa Mtoni?"

Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, na ulitoka kwa huruma. Bi Mwanaasha aliusahau kabla Lulu hajaota meno.

Juma lililofuata baada ya simu ile, Daktari Atuganile aliwaita kwa maelezo. Lulu alikuja amevaa gauni la Idi, maana alishaambiwa kwamba yeye ndiye mgeni rasmi. Akapanda kwenye kiti, miguu haigusi chini, akasikiliza kila kitu.

"Kipimo cha kulingana kimetoka vizuri sana," daktari alisema. "Tumeipima pia damu ya Lulu kuona kama naye ana Fanconi, na haikuonyesha kitu. Ila kuna jambo nataka niwaulize. Kwa watoto wachache, damu hujirekebisha yenyewe kidogo. Ukiipima unaikuta safi, kumbe mtoto anao. Kwa watoto hao inabidi tuchukue kipande cha ngozi tupime upya. Hicho kinapelekwa nje ya nchi, kinachelewa, na Farhan hana nafasi ya kuchelewa. Kwa hiyo sichukui bila sababu. Niambieni, Lulu alizaliwa na alama yoyote? Vidole, mabaka ya ngozi, shida ya figo?"

"Hana chochote," Nusaiba aliruka. "Huyu alikuja mzima kabisa, daktari. Muone anavyokula."

Daktari aliichukua mikono ya Lulu, akaigeuza, akaipapasa. Akakomea kwenye gumba la kulia. "Na hiki kikovu?"

"Ah, hicho mbu. Aliumwa akiwa mchanga, kikawa kidonda. Mie nilikuwa nimelazwa, alikuwa na shangazi."

Wote wakamgeukia Bi Mwanaasha. Nusaiba alikuwa anatabasamu. Alikuwa ameusema uongo ule kwa moyo safi kabisa, neno kwa neno, kama alivyopewa.

"Ndiyo," Bi Mwanaasha alisema. "Mbu."

Sadallah akauliza, "Na tukikosea, daktari? Yaani kama naye anao?"

"Kabla Farhan hajapewa uboho wa Lulu, tunampa dawa za kuua uboho wake wote. Tukishaanza hakuna kurudi nyuma. Tukija kumpandikizia uboho ambao nao ni mgonjwa, hautamshikilia. Tutampoteza."

"Inaumaga?" Lulu akauliza.

"Utakuwa umelala, hutasikia."

"Mie siogopi. Mie ndiyo nampa kaka."

Bi Mwanaasha hakurudi Madale siku ile. Aliwaambia ana shughuli, akaenda Kunduchi kwa kaka yake. Khalfani ni fundi seremala, anatengeneza vitanda vya hoteli za ufukweni, na alimkuta katikati ya mbao, vumbi limemjaa nyusi. Akamweleza yote wakiwa wamesimama. Khalfani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akazima mashine ya kuranda ingawa ilikuwa haikati kitu.

"Dada, nyamaza."

"Khalfani..."

"Nyamaza nakwambia. Mashine za watu zimesema mtoto mzima. Wewe na uzi wako unataka kubishana na mashine? Vidole umefunga vingapi pale Mtoni? Hao wote wana Fanconi?"

"Hao si watoto wa Nusaiba."

"Ukisema, Farhan anakosa uboho, anakufa. Ukinyamaza, huenda akapona. Sasa hapo unachouliza nini?" Akaokota kipande cha mbao, akakitupa. Sauti ikambadilika. "Na ukisema, watatuambia na wa pili tumemmaliza sie. Mie na wewe. Wewe ulitaka mkwe, mie nilitaka binti yangu asiende mbali. Unaweza kuyasikia hayo? Mie siwezi, dada. Haki ya Mungu siwezi."

Bi Mwanaasha aliondoka Kunduchi akiwa mwepesi kidogo. Ukweli usemwe, alikuwa ameenda kule kuambiwa hivyohivyo. Mtu anayetaka kuambiwa aseme haendi kwa mwenye hatia mwenzake.

Siku za kungojea kulazwa zilikuwa siku za Lulu. Alikula mayai mpaka akaanza kuyakataa, kwa sababu mtu alimwambia yananenepesha uboho. Aliwazuia watoto wa jirani wasimsukume, eti ana mzigo wa kaka. Bi Mwanaasha alimwogesha kila asubuhi na kila asubuhi alipitisha dodoki haraka kwenye gumba lile, akitazama pembeni. Alijiambia mashine haziongopi. Alijiambia mbu wapo kweli, na kwamba pengine hata kidole hakikuwa kidole. Ukiutafuta uongo wa kujidanganya mwenyewe, huukosi.

Jioni moja Farhan alikuwa amelala kwenye mkeka barazani, hana nguvu ya kukaa, bibi yake anamkanda miguu.

"Bibi, zile dawa zitaua uboho wangu wote?"

"Wote."

"Halafu ndiyo unaingia wa Lulu?"

"Inshallah."

Farhan akafikiri, kisha akacheka kwa shida. "Basi nitakuwa mkorofi kama yeye. Mtajuta nyie."

Bi Mwanaasha akacheka naye. Kisha akaacha kukanda. Mtoto huyu amelala hapa, amemwachia miguu yake, hana shaka na mtu yeyote aliye ndani ya nyumba hii. Ilimjia wazi, bila kuipamba, kwamba Khalfani alikuwa amemweleza mambo mawili tu na kulificha la tatu. Farhan anaweza asife kwa kukosa uboho. Anaweza kufa kwa sababu bibi yake aliona aibu.

Hata hivyo hakusema. Usidhani mdomo uliofungwa miaka yote ile unafunguka kwa kukanda miguu mara moja. Alisema siku ya kulazwa, dakika ya mwisho kabisa, walipokuwa wamekaa kwenye benchi la wodi na muuguzi ameshaita jina la Farhan. Nusaiba alikuwa anainama kuchukua begi.

"Nusaiba. Haikuwa mbu."

"Nini haikuwa mbu?"

"Pale kwenye gumba la Lulu. Kilikuwa kidole, kama cha kaka yake. Nilikifunga mie, wewe ukiwa umelazwa."

Begi likabaki pale chini. Muuguzi akaita tena. Sadallah akasimama, akakaa, akasimama, akamwangalia mama yake kana kwamba ameongea lugha ya watu wengine.

"Nilikuuliza, shangazi," Nusaiba alisema polepole. "Siku niliyorudi nyumbani. Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukaniacha nikaenda kumdanganya daktari kwa mdomo wangu mwenyewe. Mbele ya wanangu."

"Niliogopa, mwanangu. Niliogopa watasema..."

"Nani?" Nusaiba alipiga kelele, na wodi nzima ikageuka. "Nani huyo atakayesema, ambaye ni mkubwa kuliko Farhan?"

Bi Mwanaasha akainama akaliokota lile begi.

Nusaiba mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwita daktari. Daktari Atuganile alisikiliza akiwa amesimama, akaomba mkono wa Lulu tena, akakipapasa kile kikovu kwa muda mrefu. Akavua miwani.

"Leo hatuanzi," alisema. Kisha akamgeukia Bi Mwanaasha. "Ahsante, bibi."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Bi Mwanaasha alitoka nje, akasimama karibu na bomba la maji, akalia kwa sauti mbele za watu, yeye ambaye msibani huwa ndiye anayewanyamazisha wengine.

Kipande cha ngozi kilichukuliwa, kikasafiri. Wiki zile za kungojea Farhan aliendelea kuongezewa damu, na Nusaiba aliendelea kumwamkia shangazi yake kila asubuhi, shikamoo, marahaba, na zaidi ya hapo hakuna neno. Chai ilimfikia, chakula kilimfikia, hakunyimwa kitu. Mara mbili Bi Mwanaasha alifunga vitu vyake arudi Mtoni, na mara zote mbili Sadallah akavirudisha ndani bila kusema sababu. Khalfani alipiga simu mara moja tu. Bi Mwanaasha alipomwambia ameshasema, alisikia pumzi ya kaka yake, halafu simu ikakatika.

Majibu yalipokuja yalisema Lulu anao.

Daktari aliwaeleza kwa upole, na kwa mara ya kwanza alitafuta maneno. Uboho wa Lulu bado unajitahidi, unaweza kujitahidi kwa miaka mingi, wataufuatilia kwa karibu. Farhan ataanzishiwa vidonge vya kuusukuma uboho wake, na kuongezewa damu kutaendelea. Jina lake litapelekwa nje, kwenye orodha za watu wanaojitolea, atafutwe mtu baki ambaye kwa bahati analingana naye. Watu wa huku waliojiandikisha kule ni wachache, alisema, hatawaficha. Lakini watatafuta. Na kama wangemwanzishia dawa siku ile ya kulazwa, alimalizia, leo wangekuwa wanazungumza mambo mengine.

Sadallah alishukuru. Wakarudi Madale. Pale uani, kabla hajavua viatu, Nusaiba alimgeukia shangazi yake, na hii ilikuwa mara ya kwanza kumtazama machoni tangu siku ya benchi.

"Lulu hajui bado. Kila siku ananiuliza anampa lini kaka yake. Mie sitaweza. Utamwambia wewe."

Haikuwa adhabu, au kama ilikuwa adhabu basi ilichanganyika na kitu kingine ambacho Bi Mwanaasha hakuthubutu kukipa jina. Aliitikia kwa kichwa, akaingia chumbani kwa watoto.

Farhan alikuwa kitandani, Lulu yuko sakafuni anamchorea ng'ombe. Bi Mwanaasha alishuka hadi chini, magoti yakalia, akamchukua Lulu mapajani.

"Mama wee. Ule uboho wako, daktari ameuangalia vizuri. Amekuta na wenyewe unaumwa, kama wa kaka. Hauumwi sana sasa hivi, lakini unaumwa. Kwa hiyo huwezi kumpa."

Lulu alimwangalia bibi yake, akajiangalia tumbo, mikono, miguu. "Mbona hauniumi?"

"Hauumi. Ndiyo maana hatukujua."

"Wewe ulijua?"

Nyuma ya pazia la mlango mtu alikuwa amesimama, na Bi Mwanaasha alijua ni nani.

"Mie nilikuwa najua kitu, sikukisema," akasema. "Nilifanya vibaya sana."

Lulu hakuonekana kulijali hilo. Alikuwa amekwama kwenye jambo lake. "Sasa na mie nani atanipa?"

Farhan akajiinua kwa kiwiko. Alikuwa na akili za kutosha kujua alichokuwa anakisema. Alimtazama bibi yake kwanza, kama mtu anayeomba ruhusa, kisha akamtazama mdogo wake.

"Nitakupa mie," akasema. "Nikipona tu, nakupa."

Uso wa Lulu ukafunguka wote. Ilikuwa rahisi sana kuacha vile. Neno tayari lilikuwa limeshasemwa, lilisemwa kwa upendo, na mtoto alikuwa anatabasamu.

"Hapana, Lulu," Bi Mwanaasha alisema. "Kaka anakupenda, ndiyo maana amesema hivyo. Lakini hawezi. Wa kwake unaumwa pia."

"Basi nani?"

"Hatujui bado. Tunatafuta."

Lulu akaanza kulia. Alilia kwa sauti yake yote, akimpiga bibi yake kifuani kwa ngumi ndogo, na Bi Mwanaasha alimshikilia bila kumwambia anyamaze. Pazia likafunguliwa. Nusaiba akaingia, akakaa chini kando yao, bega lake likigusa la shangazi yake, na hakuondoka.